Gauni la Mwenye Hoteli

Jirani yao, muuza mayai wa mlango wa pili, anasema kwa kinywa kipana kwamba bibi aliyerudi kutoka baharini si yule aliyekwenda. Anasema aliwaona kwa macho yake mwenyewe wakishuka kwenye basi, fundi cherehani, mume wake na bibi, na papo hapo moyo wake ukamwambia kuna kitu. Gauni si lake. Mwendo si wake. Aliyekwenda alikuwa akikokota ndala. Huyu alipita kama mwenye nyumba anayekagua wapangaji. Tena alisimama mbele ya trei za mayai akauliza kwa upole kama wageni wote wamepata chai. "Wageni gani, na mimi niko kwangu?" anasema muuza mayai, na kila mteja lazima aisikilize hadithi hiyo hadi mwisho ndipo arudishiwe chenji yake.

Ushahidi wake mkubwa ni mlango. Bibi wa kwanza alikuwa akigonga. Cherehani ikilia chumba cha mbele, mlango unalia chumba cha nyuma, kutwa nzima, mpaka watu wa mtaa wakazoea kama wanavyozoea mashine ya kusaga. "Huyu hagongi," anasema. "Nimetega sikio hadi shingo imeniuma. Hagongi. Sasa niambieni, mtu anabadilika hivyo kwa kuona maji ya chumvi?"

Muuza mayai hana tatizo la macho, wala la masikio. Kilichompita ni yale yaliyotokea huko walikokwenda, na hayo Fundi hajamsimulia mtu.

*

Safari aliipanga shemeji yake, kaka mkubwa wa mume, ambaye alikaa mbali na mama yake na kumpenda kwa simu. Ndiye aliyeliona tangazo: hoteli ya familia ukingoni mwa bahari, vyumba vyenye baraza, mtakaa kama kwenu, na chini yake kwa herufi kubwa, wazazi wetu wanalala bure. Akalipia, kisha akapiga simu kila upande kutangaza kwamba amelipia. Mama apate upepo, alisema. Na shemeji yangu Fundi naye apumzike, ni binadamu.

Fundi hakubisha. Alikuwa amechoka mpaka kwenye kucha. Mama mkwe wake alianza kwa kusahau kwamba ameshakula, akaja akasahau kwamba jiko linawaka, mwishowe akasahau kwamba nyumba ni hii. Siku moja alitoka akapotea, akaokotwa kando ya barabara kuu na ndoo tupu kichwani, anatafuta kisima cha utotoni mwake. Mwenye nyumba alikuja mwenyewe, hakutuma mtu, kusema kwamba moto ukiwaka mle ndani hata mara moja, wahame wote na mizigo yao.

Tangu hapo mama alifungiwa. Komeo alilichomelea mume, kwa kuwa kazi yake ndiyo hiyo, mageti na madirisha; alikuja nalo jioni moja, akalipachika, akanawa mikono, akaomba chakula. Tangu siku hiyo hakuligusa wala kulitaja. Asubuhi yeye akienda karakana, Fundi anamwogesha mama, anamlisha, anamrudisha chumbani, anatia kufuli kwa nje, kisha anakaa kwenye cherehani. Ufunguo aliuvaa shingoni, chini ya blauzi, kwa utepe wa kupindia nguo. Hakuna aliyemwambia afunge. Hakuna pia aliyemwambia asifunge.

Njiani mambo yakaharibika mapema. Ndani ya buti la basi, ndoo ya samaki ya abiria mwingine ilipinduka, maji yake yakachagua begi la mama kati ya mabegi yote. Mama naye hakuweza kujizuia mwisho wa safari. Kwa hiyo walipoingia mapokezi ya hoteli, harufu iliwatangulia, na Fundi alikuwa amemfunga mama mtandio wake kiunoni, akitembea nyuma yake kumziba, huku mume akijifanya anasoma bei za vinywaji ukutani.

Aliyekuwa nyuma ya meza ni mwanamke wa makamo, mpana wa mabega, miwani imening'inia kifuani. Alikuwa binti mkubwa wa nyumba ile na ndiye waliyekuja kumwita Meneja, ingawa yeye huyo huyo alifua shuka na kufagia ngazi. Mdogo wake wa kiume alikuwa mpishi, na mpishi huyo ndiye aliyewapokea mabegi, akawasha pampu ya maji, akarudi jikoni mbio. Wafanyakazi wengine hawakuonekana. Wageni pia hawakuonekana.

Fundi alikuwa ameshatayarisha maneno ya kuomba radhi. Meneja hakuyahitaji. Alimtazama mama kuanzia miguuni kwenda juu, taratibu, kama mtu anayetazama jora dukani akikadiria litatoa nguo ngapi.

"Nguo ninayo," alisema. "Karibu, Mama. Tulikuwa tunakungoja."

Fundi alidhani hayo ni maneno ya biashara.

Gauni lililoletwa lilikuwa la zambarau, kola nyeupe, limepigwa pasi likanyooka, linanukia marashi na dawa ya nondo. Lilimpwaya mama kiunoni na mabegani. Mtu mwingine angeshukuru akanyamaza. Lakini Fundi alikuwa na ugonjwa wa kazi yake: hakuweza kukaa mbele ya nguo inayompwaya mtu, kama vile wengine wasivyoweza kukaa mbele ya bomba linalovuja. Sindano ilikuwa palepale chini ya kola yake, na uzi, wa bluu, wa sare za shule alizoziacha hazijakatwa mifuko. Akamsimamisha mama kwenye korido, akamwinua mikono, akapunguza huku, akabana kule, akamvua na kumfunga kanga, akageuza gauni ndani nje, akakata ziada kwa wembe ili isimwashe mbavu. Mama alipolivaa tena, lilimkaa kama lilizaliwa naye.

Meneja alikuwa amerudi na taulo. Aliona kitambaa kilichokatwa pale sakafuni. Akakiokota, akakikunja, akakitia mfukoni.

"Umelikata," alisema.

"Samahani, dada. Nimezoea. Nitakushonea jingine."

"La, usijali," alisema Meneja, na machoni alionekana kama mtu aliyepewa zawadi. "Usijali kabisa."

*

Chumba hakikuwa na baraza. Kilikuwa na dirisha, na dirisha lilikuwa na ukuta wa jiko mbele yake. Bahari ilisikika tu, mahali fulani upande wa pili wa moshi. Shuka zilikuwa safi lakini na unyevu, mtu akilala anahisi kama zililaliwa na mwingine kabla yake muda si mrefu. Bomba lilitoa maji ya chumvi, likapiga mluzi, likaacha. Mume alitoa simu, akaitazama tena ile picha ya tangazo, akaizima.

"Kaka amepigwa pesa zake," alisema.

Mama hakuwa na habari na chumba. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mikono juu ya lile gauni, anasikiliza.

Jua lilipokuwa linazama waliitwa kula. Chumba cha chakula kilikuwa kikubwa, na meza zote zilikuwa zimetandikwa: sahani, uma, vikombe vimepinduliwa, vitambaa vimekunjwa pembetatu. Viti vyote vilikuwa tupu isipokuwa kimoja, mbele kabisa, penye dirisha la baharini. Hapo alikaa mzee mwembamba mwenye tai, uso ameuelekeza majini. Macho yake yalikuwa meupe kama maziwa yaliyoganda.

Meneja aliwakalisha, akainama masikioni mwao. "Ongeeni tafadhali," alinong'ona. "Msile kimya. Baba anapenda kusikia watu."

Mume aliuliza waongee nini.

"Chochote. Bei ya vitu. Mvua."

Kisha aliondoka akaenda kukaa meza ya mbali, peke yake, mbele ya sahani tupu. Akagonga sahani kwa kijiko. Akacheka, kicheko ambacho hakikuwa chake, chepesi, cha msichana. "Samaki wa leo watamu jamani," alisema. Kutoka meza nyingine sauti nzito ikamjibu kwamba mwaka huu hoteli imepanda daraja; ni mpishi, amesimama na birika mkononi, akikokota viti kwa mguu, akigongesha vikombe, akihama meza kwa ncha za vidole na kukohoa kwa namna mpya kila alipofika. Jasho lilimtoka. Dada mtu naye alihama. Walikuwa wawili, na chumba kilijaa.

Kijiko cha mume kilikuwa kimekwama kati ya sahani na mdomo.

"Wamejaa leo," alisema mzee, bila kugeuka.

"Wamejaa, Baba," alisema mpishi, akihema. "Wengine tumewarudisha."

Ndipo Meneja alipokuja akamshika mama mkono, kwa adabu kama anayemshika bibi harusi, akampeleka hadi meza ya mbele. Fundi aliinuka nusu. Nyumbani mtu asiyemjua akimgusa mama, mama hupiga kelele mpaka sauti inakauka. Lakini mzee alinyoosha mkono, akapapasa mkono wa gauni, akapanda hadi kwenye kola, akaisugua kati ya vidole.

"Umechelewa," alisema.

Mama alimtazama. Akatazama na bahari.

"Njia ilikuwa mbaya," alijibu.

"Umekula?"

"Nilikuwa nakungoja wewe."

Akakaa. Akavuta sahani ya mzee, akaanza kumtolea samaki miiba, mmoja mmoja, bila haraka, na kumwekea minofu kiganjani. Vidole vile, ambavyo nyumbani havikuijua njia ya mdomo wake mwenyewe, havikuacha mwiba hata mmoja. Mzee alisema kitu. Mama akacheka. Mume aliweka kijiko chini, akageuza uso, na Fundi akaona kwamba analia, au anajizuia.

*

Asubuhi mume alikwenda mapokezi kulalamika. Alijipanga vizuri: baraza, maji, ukuta wa jiko, chai iliyoletwa na mkate wa juzi. Meneja alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwuliza, mama amelala vizuri? Mume akakiri kwamba amelala, hakuamka, hakulowesha. Amekunywa chai mwenyewe? Amekunywa. Basi, alisema Meneja, na mume akarudi chumbani bila baraza na bila maji, akikuna kichwa kama mtu aliyekwenda kudai akakuta anadaiwa.

Mama alishinda na mzee kwenye baraza la mbele ya hoteli. Aliletewa bakuli la vijiko avifute, na alivifuta. Aliitwa kwa jina lisilo lake, akaitika; aliamuru pazia lishushwe, likashushwa. Mpishi alimpitia kila mara akimwita Mama, akamwuliza leo tuweke chumvi kiasi gani, naye akajibu. Meneja alimsuka nywele kwa mtindo mwingine, zikalala nyuma, uso ukafunguka. Mara mbili Fundi alipita akamsalimu. Mara ya kwanza mama alimwitikia kwa furaha, mara ya pili alimwambia, kwa heshima kamili ya mwenye mahali, kwamba akitaka taulo amwombe binti yake pale ndani.

Fundi alikwenda kukaa mchangani. Hakuwa na kitu cha kushona. Pale kifuani ufunguo ulipata joto la jua ukamchoma. Aliwaza kwamba labda hivi ndivyo kupumzika kulivyo. Aliwaza pia jambo jingine, akalisukuma mbali, likarudi.

Mume ndiye aliyelitoa mdomoni. Walikuwa wamekaa kitandani mchana, feni inazunguka kwa kusuasua juu yao.

"Meneja ameniambia kitu," alisema. "Wanaweza kukaa naye. Si kwa siku hizi tu. Hawataki hata senti."

"Kukaa naye vipi?"

"Kukaa naye. Unamwona mwenyewe alivyo."

"Wanamwita kwa jina la mtu mwingine."

"Kwetu anaitwa kwa jina lake, na anagonga mlango," alisema mume. Ilikuwa mara ya kwanza mlango ule kutajwa kati yao. Alijua ameutaja, akatazama chini. "Mke wangu, mimi nasema kwa ajili yako. Nani anaamka usiku? Nani anafua? Mimi?"

Kila neno lilikuwa kweli. Fundi alisema anakwenda kulifua lile gauni, limeingia mchuzi.

*

Chumba cha kufulia kilikuwa nyuma ya jiko, giza kidogo, kamba zimejaa shuka. Fundi aligeuza gauni ndani nje ili asugue kola kwa ndani, na macho yake yakaenda yenyewe kwenye mishono, kama macho ya mvuvi yanavyokwenda kwenye nyavu za mwenzake.

Uzi wake wa bluu ulikuwepo. Lakini chini ya uzi wake, sambamba nao, kulikuwa na mstari wa matundu madogo: mtu alishona hapa zamani, akafumua. Na pembeni ya mstari huo, mwingine, wa mishono mirefu ya mtu asiyejua kazi. Alilivuta hadi dirishani. Mabegani palishushwa, pakapandishwa, pakashushwa tena. Pindo lilikuwa na mikunjo ya urefu mbalimbali, kila mmoja umeacha alama yake iliyofifia, kama alama za maji kwenye ukuta uliowahi kufurika. Waliolivaa walikuwa wengi: huyu alikuwa mfupi. Huyu alikuwa na nundu kidogo upande wa kushoto. Huyu alikonda akiwa analivaa. Mshono umeingizwa ndani, na tena ndani, na tena.

Kwa wote gauni lilibanwa kwa uzi tu, likafumuliwa. Kitambaa pekee kilichokatwa kilikuwa kile alichokikata yeye.

"Umeona," alisema Meneja. Alikuwa amesimama kati ya shuka, haijulikani tangu lini.

Fundi alimwuliza ni wangapi.

Meneja alivuta shuka moja kambani. Alianza kuikunja, akampa Fundi ncha mbili bila kumwuliza, na Fundi akazishika, wakawa wanakunja pamoja, wakisogeleana na kuachana, huku Meneja akisimulia kwa sauti ya mtu anayeeleza bei ya chumba. Mama yao ndiye aliyekuwa hoteli yenyewe. Alifariki wiki ile ile baba alipolazwa kwa ajili ya macho. Madaktari walisema asishtuliwe. Wakangoja apone ndipo wamwambie. Hakupona, wakangoja tena. Mwisho, neno likawa limekaa muda mrefu mno, halisemeki tena. Alipoacha kula kwa sababu mkewe haji mezani, alikuwepo mgeni mmoja, mama mtu mzima, mpole. Wakamwomba avae gauni la mama yao, akae naye mlo mmoja tu. Baba alikula.

"Ndipo mkaandika wazazi wanalala bure."

"Hatujamlazimisha mtu. Watoto wao ndio wanaoomba. Wanakuja hapa wamechoka kama wewe ulivyochoka. Wengine waliwarudia wazazi wao baada ya wiki. Mmoja baada ya mwaka."

"Na wengine?"

Walikuwa wamefika mwisho wa shuka, mikono yao imegusana. Ya Meneja ilikuwa baridi kwa maji ya kufulia.

"Wengine hawakurudiwa," alisema. "Walikuwa wetu mpaka mwisho wao. Tuliwazika vizuri."

Akaiweka shuka juu ya nyingine, akailainisha kwa kiganja.

"Nguo ya kuazima mtu anaivaa inavyompwaya, akiondoka anairudisha. Wewe ulikata. Nikajua wewe umeshaamua, hata kama mdomo wako haujajua."

Fundi alisema hapana. Alisema aliikata kwa mazoea, ni kazi yake, hakuwa na nia yoyote. Alisema mara kadhaa, na kila alivyozidi kusema ndivyo alivyozidi kujisikiliza.

*

Siku ya kuondoka mume alitangulia barabarani na mabegi. "Mimi siwezi kumwambia," alisema, "si twende wala si baki. Wewe anakusikia. Utakaloamua, nitasema nimeamua mimi." Yalikuwa maneno ya hisani, na Fundi aliyabeba kama alivyobeba mengine.

Barazani mama alikuwa na bakuli lake la vijiko, ndani ya gauni la zambarau lililokauka vizuri. Mzee alikuwa kando yake. Ndani, Meneja na mpishi walikuwa wameanza kazi ya asubuhi; viti vilikokotwa, vikombe vikagongana.

"Nani amesimama?" aliuliza mzee.

"Ni mimi, mgeni wa chumba cha nyuma. Shikamoo baba. Nimekuja kumchukua mama."

Mzee alimgeuzia sikio. Kisha aliishusha sauti mpaka ikawa chini ya sauti ya mawimbi.

"Huyu anacheka," alisema. "Aliyepita alikuwa akilia. Wa kabla yake aliniogopa, akawa haniruhusu kumgusa mkono. Huyu anacheka."

Kitambaa cha mama kilisimama juu ya kijiko.

"Usiwaambie watoto," alisema mzee. "Wanajitahidi sana."

Ndani sauti nzito ililalamika kwamba chai imepoa, na kicheko cha msichana kikaijibu. Mzee aligeuza uso kule na kupaza sauti, mchangamfu kabisa: "Wamejaa leo!"

"Wamejaa, Baba!"

Fundi alipiga magoti mbele ya mama. Alikuwa hajaamua. Alijua hivyo kwa sababu angependa mama aseme hapana, aseme kwa kinywa chake mwenyewe mbele ya shahidi, mambo yaishe, yeye arudi nyumbani akalale usingizi wa watu.

"Mama," alisema. "Twende nyumbani."

"Nyumbani kwa nani?"

"Kwetu."

Mama alimtazama usoni muda mrefu, kama anayesoma kibao cha mbali. Macho yakashuka hadi kwenye sindano iliyochomekwa kolani mwa Fundi, na kipande cha uzi wa bluu kinachoning'inia. Mkono wake ukaenda kiunoni mwa gauni, ukaupapasa mshono kwa nje.

"Huu ni mshono wako," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Wewe ndiye unayeshona. Mimi nakusikia." Hakuwa na hasira. "Nikigonga, unaikanyaga ile mashine kwa nguvu."

Fundi hakuinua kichwa. Aliona vijiko bakulini, na kwenye kila kijiko uso wake, mdogo, umepinduka.

Mama aliinuka mwenyewe. Aliuchukua mkono wa mzee akauweka juu ya bakuli, akaupiga kidogo kwa kiganja, kama mtu anayesema ngoja hapa. Wakashuka ngazi pamoja. Meneja alitoka mlangoni, miwani kifuani, akawatazama wakipita. Hakuwazuia. Kuhusu gauni alisema waende nalo tu, si linamkaa.

"Mkichoka tena," alimwambia Fundi, "mnajua tulipo."

Walipofika getini mama alisimama. Barabarani mume aliwaona, akapunga mkono. Basi lilikuwa limeanza kuonekana kwenye kona. Mama alimgeukia Fundi, akanyoosha mkono hadi kifuani pake, akapapasa juu ya blauzi mpaka akakipata kile kitu kigumu kilichokuwa chini yake. Akakisugua kati ya vidole, taratibu, kama mzee alivyoisugua kola.

"Nitakuja," alisema. "Lakini huu nipe mimi niushike."

Fundi aliuweka mkono wake juu ya utepe. Haukuwa na fundo la kufungua; ncha zake alizishona mwenyewe, kwa mshono wa kurudia, ili usije ukamdondoka hata siku moja. Basi lilipiga honi. Mume alikuwa ameshainua begi la kwanza, anawaita, na nyuma yao katika kile chumba kitupu watu wengi walikuwa wakicheka na kugonganisha vikombe.

Mama alikuwa bado amekinga kiganja.